Mfupa wa Babu si Ukuta

Kila asubuhi Rawiya alikuwa karibu kuchelewa shule, na kila asubuhi sababu ilikuwa kuta za watu. Babu yake, Bwana Muhdhar, ndiye aliyemsindikiza kutoka Wiyoni walikokaa hadi mjini Lamu, na mzee huyo hakuweza kuupita ukuta bila ya kuukagua. Alikuwa fundi wa chokaa tangu ujana wake. Alipiga plasta, akachonga nakshi, na hakuna jambo lililomuudhi duniani kuliko simenti.

"Tizama hini," alisema asubuhi moja, akigonga ukuta wa jirani kwa kidole. "Wasikia? Simenti. Mwaka wa tatu haifiki."

"Babu, kengele italia."

"Na ilie. Ukuta hunu walia tangu mwaka jana na hapana aliyeusikia."

Rawiya alikuwa na miaka kumi na miwili. Wazazi wake walifanya kazi Mombasa, naye alilelewa na babu na bibi. Alimpenda babu yake sana, hata akajifunza kutembea upesi baina ya ukuta mmoja na mwingine ili kufidia muda uliopotea.

Mwanzoni mwa mwezi wa Rajabu, Bwana Muhdhar aliamua kuipiga plasta ngazi ya mlango wa nyumba yake mwenyewe. Aliisugua kwa jiwe siku mbili, mpaka ikang'aa. Aliwakataza wote wasiikanyage. Siku ya tatu akamwita jirani yao, Bi Radhiya, aje aone kazi ya fundi. Akaimwagia ngazi maji kidogo ili mng'aro uonekane vizuri, akapanda kwa madaha, na mguu ukamtoka. Rawiya alikimbia kumshika. Akateleza palepale. Bi Radhiya aliapa baadaye kwamba hajapata kuona ngazi nzuri kama ile, wala watu wawili kuanguka kwa haraka kama wale.

Rawiya alivunjika mkono wa kushoto karibu na kifundo. Babu alivunjika pahali hapohapo, lakini mkono wa kulia, mkono wa kazi.

Hospitalini, Bibi akiwa kando yao, muuguzi Kwamboka aliwafunga plasta wote wawili. Rawiya alitulia. Babu hakutulia.

"Mwanangu, mchanganyiko wako una mai mengi," alisema. "Na huku pembeni hukulainisha."

"Mzee, huu ni mkono, sio ukuta," Kwamboka akajibu.

"Plasta ni plasta."

Daktari Hesbon aliwaonyesha picha za mifupa yao, akawaagiza wavichezeshe vidole kila siku, akasema Rawiya atafunguliwa baada ya wiki nne. Mzee angekaa wiki sita, kisha apigwe picha nyingine ionekane kama mfupa umeunga. Huenda angehitaji muda zaidi. Babu alimsikiliza kwa adabu, kama fundi anavyomsikiliza mwenye nyumba asiyejua kazi, na njiani akamfafanulia Rawiya ukweli wa mambo.

"Daktari kijana, amekosea hisabu. Chokaa mpya huwa laini, sivyo? Lakini ukuta wa miaka mia mbili ukiupiga nyundo, nyundo ndiyo iumiayo. Mfupa wako una miaka kumi na miwili. Wangu una sabini na miwili. Ni upi ulio mgumu? Utu uzima dawa, mjukuu wangu. Nitapona kabla yako."

Rawiya aliona maneno hayo yana akili. Darasani kwao walikuwa bado hawajafika kwenye mifupa.

Wiki nne zikapita. Plasta ya Rawiya ikafunguliwa, na mkono wake ukawa mzima, mwembamba kidogo tu. Babu aliunyoosha wake pia ili ufunguliwe. Daktari Hesbon akamwambia bado wiki mbili na picha. Babu alirudi nyumbani amenuna. Bibi Sundus, mkewe, alimuuliza kama amepata dawa ya kununa huko hospitalini, maana aliona ameipata kwa wingi.

Babu alikuwa na sababu ya kununa. Katika nyumba moja ya kale mjini kulitarajiwa harusi baada ya Idi, na mwenye nyumba, Bi Thuwaiba, alimpa yeye kazi ya chumba cha bibi harusi. Ukuta ulikuwa na vidaka kumi na viwili, yaani vishubaka vya kupangia vyombo vya mapambo, vyote vikitakiwa nakshi. Alikuwa amemaliza vinane. Vinne vilikuwa vitupu, na mtu alikwisha kumnong'oneza kwamba ataletwa fundi mwingine, wa simenti.

Siku mbili baadaye, Bibi alipokwenda sokoni, Babu alimwita Rawiya uani. Alikuwa na msumeno mdogo mkononi.

"Nishikie hapa. Taratibu."

"Babu, daktari alisema wiki mbili."

"Daktari alisoma mifupa kitabuni. Mimi niko nao. Weye umepona kwa wiki nne, na tulianguka siku moya, ngazi moya. Nishikie."

Rawiya akashika. Babu aliipasua plasta kwa urefu, pande mbili sawasawa, na ikatoka nzima kama ganda. Hakuitupa. Aliitia kitambaa ndani, akailainisha pembeni, akatoboa matundu ya kupitisha nyuzi. Asubuhi aliivaa ili Bibi aione, akamwambia anakwenda kusimamia tu, na akifika kazini akaivua. Kwa kuwa mkono mmoja hauwezi kujifunga wenyewe, kazi ya kufunga nyuzi ikawa ya Rawiya.

"Hini ni siri yetu," Babu alimwambia. "Bibi yako asisumbuke bure."

Mwanzo Rawiya alijiona mtu mkubwa mwenye kuaminiwa. Tabu ni kwamba Babu hakuweza kukaa na kitu cheupe kitupu. Siku ya tatu plasta ilikuwa na ushanga wa maua madogo kuzunguka kifundo.

"Plasta ya hospitali ina maua tangu lini?" Bibi aliuliza.

"Nilichoka kuitizama," Babu akajibu, na hiyo angalau ilikuwa kweli.

Alasiri moja Rawiya alimpelekea Babu chai kazini. Alimkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya kidaka cha tisa. Mwiko ulikuwa chini. Babu aliuokota, akaushika, ukaanguka tena. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba, na macho yake yalikuwa mekundu. Nakshi ya kidaka hicho ilikwenda upande, kitu ambacho Rawiya hakupata kukiona katika kazi ya babu yake.

"Vumbi la chokaa," Babu alisema akijipangusa. Chokaa ya siku hiyo ilikuwa mbichi, haina vumbi lolote.

Tangu siku hiyo Rawiya hakula vizuri. Aliona kwamba anaufunga uongo kila asubuhi kwa mikono yake mwenyewe, na mkono wa babu yake unaharibika ndani ya uongo huo. Lakini atamwambia nani? Babu alimwamini. Akimsema, huenda asimpende tena.

Siku ya picha ikafika. Babu alimwambia Bibi kwamba anakwenda hospitali na Rawiya. Walipofika kona ya kwanza, alisimama.

"Mimi nakwenda kazini. Weye pitia hospitali, uwaambie nimekwenda Chundwa kumtizama Bibi Mdogo, hajiwezi. Nitakuya wiki ijayo."

Bibi Mdogo alikuwa Bi Mwanatumu, dada yake Babu aliyekaa Chundwa, kijiji cha ng'ambo, na watoto wote wa ukoo walimwita hivyo. Rawiya alikwenda huku akiirudiarudia sentensi hiyo moyoni asije akaisahau. Laiti angeisahau.

"Mzee wako wapi?" Kwamboka alimuuliza. "Si leo ni siku yake ya picha?"

"Ameenda Chundwa, kwa bibi."

Sasa, Kwamboka alikuwa mgeni wa mwaka mmoja kutoka Kisii. Kwao, mama mzaa mama huitwa nyanya, na bibi ni mke wa mtu. Rawiya hakulijua hilo.

"Kwa bibi? Na yule mama mlikuja na yeye, si ndiye bibi yake?"

"Yule ni bibi wa hapa nyumbani. Huyu ni Bibi Mdogo."

Kalamu ya Kwamboka ikasimama. "Bibi mdogo."

"Ndiyo. Hajiwezi. Babu hawezi kumwacha peke yake."

"Na ako na yeye tangu lini?"

"Tangu zamani. Hata mimi sijazaliwa."

"Na bibi mkubwa anajua?"

Rawiya alikumbuka kwamba Bibi hajui habari yoyote ya safari ya Chundwa. Akainamisha kichwa. "Tafadhali usimwambie."

Kwamboka alimtazama kwa huruma, akampa tarehe nyingine. Rawiya alipokuwa akitoka alimsikia akimwambia mwenzake, "Hawa wazee. Mkono umevunjika, na bado ana mke mwingine Chundwa, bibi wa kwanza hajui."

Kwenye benchi la kungojea alikuwa ameketi Bi Radhiya, aliyekuja kwa ajili ya goti. Goti likapona hapohapo. Aliondoka bila ya kumwona daktari, na hatua zake zilikuwa za msichana.

Rawiya alirudi polepole, kwa sababu mwenye uongo moyoni huona njia ndefu. Bi Radhiya alirudi upesi, akisimama kidogo tu kwenye milango ya watu. Habari ilipofika Wiyoni, mke wa Chundwa alikuwa na watoto watatu na nyumba ya ghorofa, yenye plasta ya kung'aa.

Rawiya alimkuta Bibi Sundus amekaa sebuleni. Mbele yake palikuwa na kikapu, na ndani yake kanzu zote za Babu zimekunjwa vizuri, kofia juu yake. Bibi hakulia wala hakupiga kelele, na hapo ndipo Rawiya alipoogopa. Bi Radhiya alikuwa kando yake, amekuja kumfariji na kuhakikisha hapitwi na neno.

"Ndoo hapa," Bibi alimwita. "Babu yako ana mke Chundwa?"

"Hana, Bibi. Mimi nilisema Bibi Mdogo. Bibi Mwanatumu."

"Mwanatumu nimezungumza naye kwa simu asubuhi. Yu mzima, alikuwa akipara samaki. Basi kwa nini umeyasema ya Chundwa? Na babu yako aliniambia aenda hospitali. Alikwenda wapi?"

Uongo mwingine ulikuwa tayari mdomoni mwa Rawiya, mzuri kabisa, wenye msiba na mashua iliyochelewa. Wakati huo mlango ukafunguka, na Babu akaingia amejifunga plasta yake ya maua kwa mkono wa kushoto na meno, upogoupogo.

"Asalaam aleikum," alisema. "Leo hospitali walijaa watu."

"Wa Chundwa?" Bibi akauliza.

Babu alikitazama kikapu, akamtazama Bi Radhiya, kisha akamtazama Rawiya. Macho yake yalimwomba anyamaze. Lakini Rawiya aliviona vidole vyake vilivyochomoza kwenye plasta, vimevimba na kubadilika rangi, na alijua kwamba akinyamaza leo, kesho asubuhi atafunga nyuzi tena.

"Babu, nisamehe," alisema, na machozi yakaanza. "Bibi, hapana mke. Pana mkono."

Akazivuta nyuzi. Plasta ikafunguka pande mbili, ikaanguka sakafuni. Mkono wa Babu ukabaki wazi, umevimba na kupinda kidogo pasipofaa kupinda.

"Kwa hivyo hapana mke?" Bi Radhiya aliuliza, na ilikuwa dhahiri amehuzunika.

"Nenda kwako, Radhiya," Bibi akasema. Kisha akamgeukia mumewe. "Weye mtu mume mzima. Wamfundisha mtoto uongo kwa ajili ya vidaka vinne?"

"Vitatu," Babu alisema kwa sauti ndogo. "Kimoya nimekimaliza."

"Kimekwenda upande," Rawiya akasema huku akilia. Alikwisha kuanza kusema kweli na hakujua pa kusimamia.

Kesho yake asubuhi wote watatu walikuwa mbele ya Daktari Hesbon. Bibi alizieleza habari zote bila ya kuacha hata ua moja. Daktari aliitazama picha mpya kwa muda mrefu. Mfupa ulikuwa umeanza kuunga, alisema, lakini ulitikiswa kabla ya kukaza, na sasa umesogea. Babu akamweleza elimu yake ya chokaa, ukuta wa miaka mia mbili, nyundo, na kila kitu. Rawiya alidhani daktari atacheka. Hakucheka.

"Mzee, kuhusu kuta umesema kweli, na mimi siwezi kukufundisha. Lakini ukuta ukishamalizika, fundi huenda zake. Mfupa haumaliziki. Ndani yake kuna mafundi wawili maisha yote. Mmoja hubomoa pahali palipochakaa, mwingine hujenga upya. Kwa mtoto kama Rawiya, wajenzi ni wengi na wana mbio, mfupa ukivunjika hujazwa upesi. Umri ukisonga, mbomoaji anaendelea na kazi yake, lakini mjenzi anachelewa, na akija analeta kidogo. Kwa hiyo mfupa wa mzee unakuwa mwepesi ndani, na ukivunjika unachukua muda mrefu kuunga."

"Mjenzi huyo," Babu aliuliza kwa hamaki, "msimamizi wake ni nani?"

"Wewe. Ukila samaki na dagaa wenye mifupa, maziwa, mayai na mboga, unamletea vifaa. Ukipata jua na ukitembea, unamwamsha. Na kuna jambo jingine. Mkono usiofanya kazi hupungukiwa mfupa hata ukiwa ndani ya plasta, na kwa mtu mzima kile kilichopungua si rahisi kurudi chote. Ndiyo maana nilikuambia uvichezeshe vidole tangu siku ya kwanza. Ulivichezesha?"

"Nilichonga maua."

"Hilo ni kubeba jiwe kabla ya kujifunza kusimama. Nitakunyoosha na kukufunga wiki sita nyingine. Halafu mazoezi. Pia nataka tupime mifupa yako mingine, maana mzee aliyevunjika mara moja huvunjika tena kwa urahisi."

Bibi Sundus alitikisa kichwa kwa kuridhika sana. Daktari akamgeukia. "Na wewe, Mama, tutakupima. Wanawake wa umri wako hupungukiwa na mifupa mapema kuliko waume zao." Bibi akaacha kutikisa kichwa.

Kwamboka aliifunga plasta mpya. Safari hii Babu hakusema lolote kuhusu maji. Alipomaliza, muuguzi alimwomba Bibi radhi kwa habari ya mke mdogo, na Bibi akamfundisha kwamba Lamu bibi ni bibi. Kwamboka akaandika kwenye daftari lake.

Zikapita Shaabani na Ramadhani. Plasta ilipofunguliwa, mkono wa Babu ulikuwa mwembamba, na ngozi yake imelegea. Hakuweza hata kubana kikombe. Daktari alimwagiza afinye kitu laini kila siku, na Bibi akaona hakuna kitu laini kama unga wa mahamri. Kwa hiyo kila alfajiri fundi mkubwa wa chokaa alikanda unga jikoni, akilalamika kwamba umelowana mno, huku Rawiya akimhesabia. Ishirini, pumzika, ishirini tena. Siku ya kumi na saba alikibana kikombe cha kahawa mpaka mdomoni. Rawiya alifurahi hata akapiga makofi. Lakini kuchonga bado, na kifundo hakikukunjika tena kama zamani. Daktari alisema kitaendelea kupata nguvu, ila hakitarudi sawasawa na kilivyokuwa.

Harusi ilifanywa mwishoni mwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Bi Thuwaiba hakuleta fundi wa simenti. Katika chumba cha bibi harusi, vidaka vinane vilikuwa na nakshi ya kupendeza, kimoja kilikwenda upande, na vitatu vilikuwa vyeupe vitupu. Kabla ya wanawake kuingia, ndugu wa bwana harusi walioneshwa chumba, na mmoja akauliza kwa nini kazi nzuri hivyo imeachwa katikati.

Kulikuwa na majibu mengi ya kumwokoa mzee. Mtu angeweza kusema ndiyo mtindo. Babu alisimama mbele ya ukuta wake, mkono mwembamba umening'inia, na akawaeleza kila kitu, msumeno, nyuzi, maua na Chundwa. Walicheka mpaka wakashika kuta. Naye akacheka, lakini Rawiya aliyekuwa amesimama mlangoni aliona kwamba alikuwa akikitazama kidaka kile kilichokwenda upande.

Kisha akamwita mjukuu wake mbele ya watu wote.

"Huyu ndiye aliyeuokoa mkono hunu," alisema. "Mimi nilidhani kunipenda ni kunifichia. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilimfanya mtoto anisaidie kuficha. Hilo ni kosa langu, si lake. Rawiya, nisikilize. Mtu yeyote, hata awe babu yako, akikwambia ufiche jambo linalomuumiza, usimfichie. Atakasirika siku moya. Mimi nilikasirika siku mbili. Lakini uongo waweza kumpita daktari na muuguzi na mtaa mzima, usiupite mfupa. Mfupa haudanganyiki."

"Na mimi je?" sauti ya Bibi Sundus ikatoka nyuma ya mlango. "Mimi nilidanganyika?"

Babu alifikiri kidogo.

"Kwa wiki mbili," akasema, "na nimezilipa kwa mahamri ya mwezi mzima."

Watu wakacheka tena. Babu aliunyoosha mkono wake wa kulia, akaushika mkono wa Rawiya, na akaubana. Haukuwa mbano wa nguvu. Rawiya alikisikia kila kidole.